Mwanangu Amechagua Ujinga wa Jirani

Kama gazeti la wiki iliyopita ulishalifungia sabuni, usijali, nitakukumbusha. Mlinizoea na mikosi yangu ya kawaida: bati kung'oka, mpangaji kuhama na kitasa cha mlango, mguu kuteguka nikimkimbia bata. Yote hayo yalikuwa manyunyu. Tuliachana nikiwa nimechuchumaa chini ya dirisha la fundi cherehani, jirani yangu, sikio limebanwa ukutani, nikimsikia binti yangu wa mwisho akimwambia yule mwanamke:

"Bila wewe, kazi yangu haiendi."

Bila wewe! Mimi niliyembeba tumboni, nikambeba mgongoni, nikambeba na masomoni, sijawahi kuambiwa hata bila wewe chai haina sukari.

Huyo fundi ana jina lake zuri tu, ila mimi humwita Sindano. Mwembamba, jicho moja kalifinya kwa miaka ya kutunga uzi, na akikuchoma huoni alipoingilia. Hilo la Sindano ni la moyoni. Mdomoni namwita shoga.

Nikainuka pale chini, magoti yakalia kama mlango wa zamani, nikaenda nyumbani kumngoja binti. Akaingia na karatasi zake ameziviringisha kwapani.

"Umetoka wapi?"

"Kazini, mama."

"Kazini kwa fundi? Umeanza kushona?"

"Nilikwenda kumwonyesha mchoro."

Ngoja nieleze kazi ya huyu mtoto. Mimi mwenyewe nilichelewa kuielewa, na wakati sijaielewa nilikuwa nawaeleza watu. Kadi yake imeandikwa mshauri wa takwimu. Majirani walisoma neno la kwanza tu, na wawili walishafika mlangoni kwetu wakilia habari za waume zao.

Yeye husema hivi: kila ofisi inakusanya namba. Wagonjwa wangapi, maji kiasi gani, wanafunzi wangapi. Wakishazikusanya wanazifungia kabatini, zinalala humo mpaka panya wanazisoma. Kazi yake ni kuzitoa kabatini na kuzipeleka kwa wenye shida nazo, kwa namna ambayo watazitumia.

Safari hii alikuwa amepewa kazi na hospitali. Kliniki ya watoto. Akina mama wote wanafika asubuhi kwa pamoja, wanakaa chini mpaka miguu inakufa ganzi, watoto wanalia kwa zamu. Mchana wauguzi wanabaki wanajipepea. Dirisha la usajili linaandika kila mtoto kafika lini na kaonwa lini. Binti akazichukua namba hizo zote ili atengeneze bango kubwa la getini, mama aangalie mwenyewe, achague saa ya kuja.

"Sawa," nikamwambia. "Na fundi anaingilia wapi?"

"Mchoro wowote kabla haujatoka lazima niujaribu kwa mtu. Mtu ambaye hakusoma sana, hajazoea mambo ya namba. Akielewa yeye, wote wataelewa."

Nikanyamaza. Wanaonijua wanaogopa sana nikinyamaza.

"Kwa hiyo unatafuta mjinga."

"Mama, sijasema hivyo."

"Unatafuta mjinga, na ndani ya nyumba yako yupo, anakupikia, anakufulia, halafu unakwenda kuazima wa jirani! Ujinga wangu mimi una kasoro gani?"

"Mama jamani!"

"Niambie. Niliishia darasa la saba."

"Yeye aliishia la nne."

"Basi nimezidisha! Ningejua ningetoroka mapema."

Akacheka mpaka akatafuta kiti. Alipomaliza kucheka akasema neno ambalo mpaka leo nikilala upande wa kushoto linanichoma.

"Mama, wewe hujawahi kukosa jibu. Mama mdogo nikimwonyesha kitu hajakielewa, ananiambia, mwanangu, hapa mimi naona matope tu. Naenda kurekebisha. Lakini wewe? Tangu nizaliwe sijakusikia ukisema hujui. Yule mgeni alikuuliza njia ya benki..."

"Ya benki iache."

"Ukampeleka makaburini!"

"Si alifika mahali?"

Mama mdogo! Mliisikia hiyo? Kwetu nimezaliwa wa kike peke yangu, wengine wote ni wanaume. Huyu mama mdogo alizaliwa lini, na nani, na mimi nilikuwa wapi?

Wivu wa mume nimeuonja, na ule una dawa. Unamnunia, unampa ukoko wa chungu, atakuja mwenyewe. Wivu wa mtoto hauna pa kununia. Ukinuna anakuuliza kama umekunywa dawa za presha.

Kesho yake nikapita kwa Sindano kwa kisingizio cha kifungo. Wako wawili, vichwa vimegusana juu ya karatasi. Na binti yangu ameshika kikombe cha bluu.

"Karibu dada," Sindano akasema. "Chai?"

"Nipe."

Akataka kunitilia kwenye kikombe cha kijani. Nikamuuliza kwa nini asinipe kile cha bluu, binti ameshamaliza.

"Aa, kile ni cha mwanetu, dada. Hakinywewi na mtu."

Mtu akishakuwa na kikombe chake kwenye nyumba, huyo si mgeni tena. Ile chai niliimeza kama dawa ya minyoo. Na hilo neno mwanetu! Mwanetu wewe na nani?

Hapo ndipo nikaamua. Kile kiti cha kuonyeshwa michoro kitakuwa changu, hata kama itabidi nikikalie kwa hila.

Mungu naye hunifungulia milango, hasa ya chumba cha binti, maana kitasa chake hakibani. Nikiwa napita na ufagio, polepole kama ninavyopita siku zote, nikamsikia kwenye simu: "Ndiyo, daktari. Ukiangalia mchoro, saa nane mchana ndiyo foleni fupi kuliko zote."

Saa nane mchana. Foleni fupi. Nikayafunga maneno yale kwenye pindo la moyo, nikaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Ikabaki kumwondoa Sindano. Siku binti alipotaka kuujaribu mchoro wa mwisho, nikamuwahi fundi asubuhi, hata meno hajapiga mswaki.

"Shoga, una bahati wewe! Mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo ya barabara kuu anatafuta fundi wa sare. Anataka uende leo hii, ukichelewa anampa mwingine."

Uongo mtupu, lakini niliupika ukaiva.

Sindano akanishika mikono yote miwili. "Dada yangu, kumbe unaniwazia hivi?"

"Nakuwazia usiku na mchana," nikamwambia. Na hapo sikudanganya.

Akavaa viatu, futi ya kupimia shingoni, huyo akaondoka. Mimi nikarudi jikoni, nikachukua ungo wa maharage, nikakaa kama mtu asiye na habari na dunia.

Haukupita muda binti akaingia mbio.

"Mama, mama mdogo yuko wapi? Mlango umefungwa, cherehani imefunikwa!"

"Mimi ni mlinzi wake?"

"Mchapaji wa mabango ananingoja. Asipoupata mchoro kabla ya adhuhuri anaanza kazi ya watu wengine. Nimemuahidi daktari mkuu bango litakuwa getini wiki hii!" Akazunguka jikoni kama kuku anayetaka kutaga.

Nikatoa jiwe kwenye maharage. Nikatoa lingine.

"Mama."

"Bee."

"Hebu njoo uangalie hiki kitu."

Wasomaji wangu, mimi niliolewa, nikavalishwa, nikapigiwa vigelegele. Siku ile haikunipa furaha kama hii.

Nikajifuta mikono. Nikavaa miwani. Nikakohoa kidogo. Akatandaza karatasi mezani: nguzo za kijani zimesimama safu moja, ndefu kwa fupi, kama wanafunzi wanaosubiri kupigwa picha.

"Sikuulizi kama umeelewa," akasema, kidole juu. "Ukiniambia umeelewa nitakukatalia. Nakuuliza hivi. Una mtoto, ana mafua, hana hali mbaya. Unataka kumleta kliniki. Utamleta saa ngapi?"

Huo ndio ujanja wake. Haulizi mtu kama ameelewa, kwa sababu anajua watu wazima wote husema ndiyo. Ni ujanja mzuri, ila haukutengenezwa kwa watu wenye ufagio.

Nikaipitisha macho karatasi kutoka huku mpaka kule. Nikaguna. Nikasogeza kidole juu ya nguzo, sijui hata ilikuwa ipi.

"Saa nane mchana."

Binti akakodoa macho. "Kwa nini?"

"Si ndipo foleni fupi?"

"Mama!" Akaniruka shingoni, miwani ikaangukia kwenye maharage. "Hata mama mdogo hajawahi kujibu haraka hivi! Nilikudharau, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe," nikasema, taratibu, kama mtu wa madhabahuni.

Akakimbia na karatasi yake. Nikabaki naimba. Nimemshinda Sindano kwa pigo moja, tena nyumbani kwangu, bila kutoka jasho.

Furaha yangu ilidumu mpaka alasiri. Nikasikia mtu ananiita kuanzia mtaa wa pili.

"Dada! Dada eee!"

Sindano. Amechoka, amejaa vumbi, meno yote nje.

"Kumbe kweli! Mwalimu mkuu anasema fundi wao amehama, na alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Ananishangaa nimejuaje! Nimepewa sare, dada."

"Sare ngapi?"

"Shule nzima!"

"Nzima?"

"Mpaka kwaya!"

Akanikumbatia, akanililia begani, futi ya kupimia ikanizunguka shingo. Nimetupa jiwe kwa jirani, yeye ameliokota ni mkate. Akaniambia kuanzia siku ile mimi kwake ni ndugu wa damu, na mtu akinigusa atamkuta yeye kwanza. Nikamwambia ahsante. Nilikuwa nimekabwa, si kwa kilio, kwa ile futi.

Bango likatoka. Likasimikwa getini. Mimi nikavaa gauni la harusini, nikaenda kulitembelea kama mtu anayekwenda kumwona mjukuu.

Nikalikuta limezungukwa na watu, nikajipenyeza mbele.

"Hili bango kalichora binti yangu," nikatangaza, hakuna aliyeniuliza. "Na mimi ndiye niliyelipitisha."

"Hongera, bibi," wakasema.

Sasa nikaanza kuangalia hali ya pale. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Akina mama wamejaa mpaka barabarani, watoto migongoni, watoto vifuani, watoto miguuni. Nikadhani labda wamekuja kulizindua bango.

Mama mmoja mwenye kilemba cha manjano alikuwa anamwambia mwenzake, "Mimi zamani nilikuwa nakuja mchana. Kumbe najidanganya! Angalia kinguzo cha saa nane, kama kidole gumba. Hakuna daktari hapo."

"Na saa tatu je?" mwenzake akajibu. "Inakaribia kutoboa bango! Kijani kibichi! Madaktari wote wako ndani."

"Ndiyo maana nimewaleta na wa jirani."

Yule wa kilemba akanigeukia. "Bibi, si ndivyo?"

Nikainua macho. Nawaambia ukweli: hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuliangalia lile bango. Juu limeandikwa kwa herufi kubwa HALI YA KLINIKI KWA SAA. Hali gani, nzuri au mbaya, halisemi. Chini nguzo zimesimama. Na mimi nikaona kama walivyoona wao. Kirefu, kijani, kizuri. Isingekuwa ile simu iliyonifanya nijue kwamba nguzo ndefu ni foleni ndefu, ningekuwa pale saa tatu na mtoto mgongoni, tena nikiwasukuma wenzangu.

Nikaanza kutafuta pa kupenya nitoke.

"Si ndivyo, bibi?"

Kabla sijajibu, nyuma wakasukuma. Mbele wakasukumwa. Geti likatoka kwenye bawaba zake likalala chini taratibu, kama mzee anayetafuta kitanda. Watu wakaingia kwa pamoja. Muuguzi mmoja akapoteza viatu vyote viwili. Mtoto mmoja akapotea, mama yake akapiga ukunga nusu ya mtaa wakatoka nje. Akaja kuonekana chini ya meza ya usajili, amelala fofofo.

Mlinzi akalishusha bango kwa mikono yake, huku analitukana. Nikavua miwani, nikajifanya nimekuja kupima presha.

Binti alirudi nyumbani amebeba ile karatasi kama mtu aliyebeba maiti ya ndege. Chakula hakukigusa.

"Sielewi, mama," akasema. "Nimewauliza. Wote wanasema kirefu ndiyo vizuri. Wote! Hata wale wachache waliokuwa wanakuja mchana nimewahamishia asubuhi. Mtoto wa mtu angekanyagwa leo." Akanitazama. "Ni wewe tu uliyeona sawasawa. Wewe uliionaje?"

Hapo, wasomaji, maneno yalifika kwenye ulimi. Nilikuwa namwambia. Nilishafungua mdomo.

Naye akasema, kwa sauti ndogo, kama anajisemea, "Ningemsubiri mama mdogo."

Mdomo ukajifunga wenyewe.

Nikamwambia, "Watu siku hizi hawana akili," nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Daktari mkuu akamwita. Mwanamke mfupi, saa imebanwa kifuani kwenye koti jeupe, na sauti inayofika wodini bila waya. Ujumbe wake ulikuwa mfupi kama yeye: njoo na huyo mtu uliyemjaribia mchoro.

Binti akaniambia nibaki nyumbani. Nikamwambia sawa. Alipopinda kona nikamfuata. Nilipofika mlango wa ofisi nikamkuta nani ameshakaa kwenye benchi, mikono mapajani? Sindano.

"Wewe umefuata nini?" nikamnong'oneza.

"Mwanetu ana shida, dada. Nikae nashona?"

Nikakaa. Benchi lenyewe fupi, mabega yetu yakagusana, na hakuna aliyesogea.

Daktari mkuu alikuwa mezani, mchoro mbele yake, mkataba wa binti pembeni.

"Geti limeng'oka," akasema. "Mtoto alipotea. Nimeletewa wazazi saba wanaotaka kunila nyama. Uliniambia kila mchoro wako unajaribiwa kwanza. Huu ulijaribiwa kwa nani?"

Binti akatazama sakafu. "Daktari, kosa ni langu."

"Sikuuliza kosa la nani. Nauliza nani alisema huu unaeleweka."

Mimi jasho linanitiririka mgongoni kama nimefunguliwa bomba.

Ndipo yule mwanamke akasimama.

"Ni mimi, daktari," Sindano akasema. "Mimi ndiye niliyeupitisha. Usimwonee mtoto."

Vitu viwili vikagongana kifuani mwangu. Cha kwanza, nimepona. Cha pili, ona huyu! Kitu kimoja tu nimewahi kumfanyia binti yangu katika kazi yake yote, kitu kimoja, kibaya kama kilivyo, nacho anakichukua anakitia mfukoni!

Daktari mkuu akamsogezea karatasi. "Vizuri. Mtoto ana mafua. Unamleta saa ngapi?"

Sindano akafinya jicho. Akaigeuza karatasi. Akairudisha.

"Hapa, daktari, mimi naona saa tatu asubuhi."

"Saa tatu?"

"Si ndiyo ndefu?"

"Kwa hiyo ulimwambia mshauri wetu saa tatu, naye akafurahi akaenda kuchapisha?"

Sindano akaigeuza tena karatasi. Kudanganya hakujui, neno la kwanza kalitoa, la pili hana. Watu wa namna ile wasiingizwe katika mambo haya, wanaharibu kazi ya wenye ujuzi.

"Mama mdogo," binti akasema taratibu, "siku ile hukuwepo."

"Nilikwenda kuchukua sare," Sindano akanong'ona, akaketi.

"Basi tusipotezeane muda." Daktari mkuu akachukua kalamu, akauvuta ule mkataba. "Mimi nina watoto wa kuona. Namba zangu nitazirudisha kabatini, angalau huko hazing'oi geti."

Nikamwona binti yangu anafunga mkoba wake. Hakulia. Anavuta zipu polepole, kama alivyokuwa akifunga begi la shule siku alizopigwa na wenzake hataki nijue.

Nikasimama. Magoti yakalia, wote wakageuka.

"Ni mimi. Mama yake."

"Wewe ndiye uliyeelewa?" daktari mkuu akauliza.

"Sikuelewa."

Binti akainua kichwa.

"Sikuelewa hata kidogo, daktari. Saa nane niliisikia kwenye simu akiongea na wewe. Na huyu fundi nilimwondoa kwa uongo, nikamtuma kwenye sare ambazo hazikuwepo."

"Hazikuwepo?" Sindano akaruka. "Na hizi ninazoshona?"

"Hizo zimejitokea zenyewe, shoga. Mimi sihusiki."

"Dada!"

"Niache nimalize! Nilitaka kile kiti. Nilichoka kuona mtoto wangu anakwenda kutafuta kwa mtu kitu ambacho mimi ninacho tele."

Nje muuguzi alikuwa anaita majina, na mtoto analia.

"Mama," binti akasema. "Rudia."

"Yote?"

"Lile la kwanza."

"Sikuelewa."

"Na sasa hivi?"

"Sasa hivi pia sielewi. Naona majani tu, marefu na mafupi. Mtoto akirefuka tunafurahi, mahindi yakirefuka tunafurahi, sasa foleni ikirefuka kwa nini uipake kijani?"

Akanitazama kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemtegemea. Sikujua kama anataka kunipiga au kunibusu. Mimi nilikuwa tayari kwa vyote.

Halafu akamgeukia daktari mkuu. "Nipe nafasi moja. Hapa hapa."

"Ya nini? Hawa wawili saa nane wameshaikariri."

"Nipe namba nyingine. Za kliniki yoyote ambayo hata mimi sijawahi kuziona."

Daktari mkuu akasita, kalamu juu ya mkataba. Akafungua kabati, akatoa faili lenye vumbi. "Kliniki ya macho. Nakwenda kuona wagonjwa wawili. Nikirudi, mtu mmoja ataniambia atakuja saa ngapi na kwa nini. Mmoja, sitaki kwaya. Akipatia, unabaki. Akikosea, hiyo kalamu iko mezani."

Akatoka.

Binti akainama mezani. Sijawahi kumwona akifanya kazi hivyo. Anasoma, anahesabu kwa midomo, anachora. Nguzo hakuna tena. Nikajaribu kuchungulia, Sindano naye akachungulia, tukagongana vichwa.

"Tulieni!" akafoka, bila kugeuka.

Tukatulia. Sindano akaninong'oneza, "Ungeniambia tu unakitaka kiti, dada."

"Ungenipa?"

Akafikiri. Hajui kudanganya. "Nisingekupa."

Nyayo za daktari mkuu zikasikika kwenye veranda. Binti akapuliza vumbi la penseli, akainuka, karatasi mkononi. Moja, hakuna nakala, hakuna muda wa nyingine. Akaja mpaka mbele ya benchi. Akamtazama Sindano. Akanitazama mimi. Nikaona anataka kusema jina la mmoja wetu.

Mlango ukafunguliwa. "Nani?" daktari mkuu akauliza.

Binti akanyoosha karatasi katikati yetu.

Mimi nikaishika upande huu. Sindano akaishika upande ule. Hakuna aliyekuwa tayari kuachia, na wote tukaisikia, taratibu, ikianza kuchanika.